Kampeni Iliyofika Mwezini

Ukitaka kuchafua hali ya hewa kwenye kijiwe cha kahawa cha Temeke bila kutaja Simba wala Yanga, taja safari ya mwezini. Kashata zitaisha, buli litapoa, na nusu ya waliokaa kwenye benchi wataapa kwamba Wamarekani hawakwenda popote. Picha zilipigwa jangwani, watakwambia. Bendera inapepeaje mahali pasipo na upepo?

Hoja nyingi kati ya hizo zina majibu mepesi. Bendera ilipitishiwa fimbo ya ulalo kwenye upindo wa juu, ndiyo maana ilibaki imetandazika badala ya kulala kwenye mlingoti. Vioo vilivyoachwa na wanaanga wa Apollo 11, 14 na 15 mpaka leo vinarudisha miale ya leza inayorushwa kutoka duniani. Chombo cha LRO, ambacho kinauzunguka mwezi tangu 2009, kimepiga picha mahali pote walipotua, na vijia walivyovikanyaga vinaonekana. Tena Warusi, waliokuwa na kila sababu ya kupiga kelele kwamba ni uongo, walikuwa wakifuatilia safari zile kwa mitambo yao na hawakukanusha.

Lakini kuna swali moja halijibiki kirahisi hivyo, na kwa kawaida hutoka kwa yule aliyekuwa kimya muda wote akiwazia kete yake kwenye drafti. "Haya, tuseme walikwenda. Sasa mbona hawakurudi tena?"

Anayeuliza hivyo si mjinga. Mwaka 1972 simu ilikuwa kitu cha ofisini na cha wakubwa. Leo dereva wa bodaboda wa Mtoni kwa Aziz Ali ana simu mfukoni yenye uwezo mkubwa mno kuliko kompyuta iliyowaongoza kina Neil Armstrong mpaka mwezini. Ndege zimeongezeka, magari yameongezeka, na kilichokuwa anasa ya babu kimekuwa cha kila mtu. Iweje safari hii moja tu ndiyo irudi nyuma? Watu 12 walitembea mwezini ndani ya miaka mitatu na nusu, kuanzia Julai 1969. Wa mwisho, Eugene Cernan, alipanda ngazi ya chombo chake Desemba 14, 1972, na tangu siku hiyo hakuna kiatu cha binadamu kilichogusa vumbi la kule.

Mimi naona swali lenyewe limejengwa juu ya msingi mbovu. Linachukulia kwamba waliufuata mwezi. Hawakuufuata mwezi. Walikuwa wanamfuata Mrusi, na kwa namna fulani walikuwa wanatufuata sisi.

Turudi Aprili 12, 1961, siku Yuri Gagarin alipoizunguka dunia na kuwa binadamu wa kwanza kufika angani. Siku chache baadaye jaribio la Marekani la kumng'oa Fidel Castro liliumbuka kwenye fukwe za Cuba. Rais John Kennedy alikuwa amekalia kiti hicho kwa miezi mitatu tu, na tayari alikuwa ameaibika mara mbili ndani ya wiki moja. Mei 25 alisimama mbele ya Bunge la nchi yake akaomba fedha za kumpeleka mtu mwezini na kumrudisha salama kabla ya mwaka 1970. Watu hukumbuka ombi hilo. Wanachosahau ni maelezo yaliyolitangulia: Kennedy alisema mambo yanayofanyika angani yanaathiri fikra za watu kila mahali ambao bado wanaamua washike njia ipi.

Hao walikuwa kina nani? Mwaka mmoja kabla ya hapo, nchi 17 za Afrika zilikuwa zimepata uhuru. Tanganyika ilikuwa imepata madaraka ya ndani Mei 1, 1961, siku 24 tu kabla ya hotuba ile, na Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu akisubiri uhuru wa Desemba 9. Watu ambao bado walikuwa wanaamua njia ya kushika ndio sisi.

Kwa hiyo ilikuwa kampeni. Mkazi yeyote wa Mbagala anajua kampeni ilivyo. Greda huonekana mtaani, kifusi humwagwa, khanga na kofia hugawiwa, na mgombea hukumbatia hata watoto wenye kamasi. Matokeo yakishatangazwa greda huondoka, na hakuna anayejisumbua kuuliza limekwenda wapi. Hakuna pia anayesema greda lilikuwa picha ya kuchongwa. Kila mtu aliliona.

Kennedy mwenyewe aliyasema haya faraghani bila kumung'unya. Novemba 21, 1962, katika kikao Ikulu ya Marekani kilichorekodiwa, alimwambia mkuu wa NASA, James Webb, kwamba kila kitu kinapaswa kuelekezwa kwenye kufika mwezini kabla ya Warusi. Vinginevyo haikuwa na maana kutumia fedha nyingi kiasi kile, maana yeye hakuwa mtu wa kujali sana mambo ya anga. Mkanda huo ulikaa miongo kadhaa kabla ya kusikilizwa na umma. Ungesikilizwa mapema, huenda vijiwe vingi visingehitaji jangwa la kupigia picha.

Kampeni ilitufikia mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Oktoba 14, 1960, Marekani na Uingereza zilitia saini mkataba wa kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga Zanzibar, wakati huo ikiwa bado chini ya ulinzi wa Mwingereza. Hapakuwa na setilaiti za kupokea na kusambaza mazungumzo. Mwanaanga alisikika pale tu alipopita juu ya kituo. Akikiacha nyuma, anapotea mpaka afikie kingine. Mpango wa Mercury, uliotangulia Apollo, ulihitaji msururu wa vituo 18 kuzunguka dunia, viwili kati yake vikiwa ndani ya meli. Bara la Afrika lilikuwa na Kano, kaskazini mwa Nigeria, na upande wa pili, kisiwani Unguja, kikajengwa cha Tunguu. Anayetoka Kano anapokewa na Tunguu, Tunguu inamkabidhi kwa meli iliyokuwa Bahari ya Hindi, meli inamkabidhi kwa Australia.

Februari 20, 1962, John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alipita juu ya Zanzibar kama nusu saa baada ya kurushwa kutoka Florida. Kwa saa zetu ilikuwa jioni, na kwa kalenda ya Kiislamu ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1381. Ng'ambo na Mji Mkongwe watu walikuwa wanakaribia kufuturu, uji na tende tayari, masikio yakisubiri adhana ya magharibi. Tunguu nako daktari wa Kimarekani alikuwa amevaa vifaa vya masikioni, akizungumza na mtu aliyekuwa juu ya vichwa vyao. Glenn aliambiwa avute kamba ya mpira, mara moja kila sekunde kwa nusu dakika, ili ipimwe namna moyo wake unavyohimili mazoezi huko juu. Mapigo yakapanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika. Kisha sauti ikafifia, chombo kikaingia kwenye usiku wa Bahari ya Hindi.

Wazanzibari wengi hawakukipenda kituo kile. Wanasiasa wa uzalendo walipiga kelele kwamba kisiwa kimegeuzwa shabaha: siku wakubwa wakigombana, bomu la kwanza litatafuta Unguja. Wahandisi walieleza kuwa pale hakuna roketi, kuna antena tu. Maelezo hayo hayakuwaingia watu, na sishangai; mtu ambaye hajaulizwa kama anataka antena uani kwake ana haki ya kuishuku. Mapinduzi yalipotokea Januari 12, 1964, manowari ya Kimarekani iitwayo Manley iliwaondoa raia wa Marekani kesho yake, wafanyakazi wa kituo wakiwemo. Aprili, serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume ikataka mitambo ing'olewe. Ndio mwezi uleule Zanzibar na Tanganyika zilipoungana. Kazi ya Tunguu ikahamishiwa Antananarivo, Madagascar, na mwaka 1975 huko nako serikali mpya ya Didier Ratsiraka ikafunga mlango.

Nikisikia mtu anasema habari za mwezi ni za Wazungu na hazituhusu, mimi hukumbuka Tunguu.

Armstrong alipokanyaga mwezi, saa za Dar es Salaam zilikuwa saa 11:56 alfajiri, Jumatatu ya Julai 21, 1969. Chombo kilikuwa kimetua usiku wa kuamkia siku hiyo, saa 5:17. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na isingekuwa nayo mpaka miaka ya 1990, kwa hiyo wakati mamia ya mamilioni ya watu duniani wakitazama kivuli kinachoshuka ngazi, Kinondoni na Temeke zilitegemea redio, kwa waliokuwa nayo na betri zenye nguvu. Waliobaki walisimuliwa. Ukifikiria vizuri, sehemu ya ubishi wa leo inaanzia hapo. Vijiwe vyetu vilirithi tukio lile kwa kusimuliwa, na aliyesimuliwa ana ruhusa ya kubisha kuliko aliyeshuhudia.

Lakini kufikia mwaka huo, Dar es Salaam haikuwa tena kura ya kubembelezwa. Uhusiano na Marekani ulikwishaingia doa. Januari 1965 serikali iliwatimua wanadiplomasia wawili wa Kimarekani. Mji ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, na wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Rhodesia na Angola walikuwa wakipishana mitaani. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili. Mwalimu hunasibishwa na kauli kwamba wakati wengine wanajitahidi kufika mwezini, sisi bado tunajitahidi kufika vijijini. Wapo wanaoichukulia kama unyenyekevu. Mimi husikia ndani yake kijembe.

Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins waliporudi walipelekwa kwenye ziara ya kuzunguka dunia kwa siku 38, kuanzia mwishoni mwa Septemba 1969. Huo ndio ulikuwa mkutano wa kufunga kampeni, na ratiba yake inasema mengi. Kusini mwa Sahara walitua Kinshasa, kwa Mobutu. Nairobi hawakufika. Dar es Salaam hawakufika.

Waliofika Dar es Salaam ni Wachina.

Ukitoka uwanja wa ndege kuingia mjini kwa Barabara ya Nyerere, kabla ya kupanda daraja la Mfugale, stesheni ya reli ya TAZARA inakutazama: jengo kubwa la zege, pana kuliko lilivyo refu, na ukumbi wa abiria ambao siku isiyo na treni nyayo zako mwenyewe zinakurudia. Iko Temeke, na watu wa Temeke wameizoea mno kiasi kwamba jina lake limegeuka jina la kituo cha daladala tu. Konda anaponing'inia mlangoni akiita "Tazara, Tazara, wa Tazara", hakuna anayewaza kuhusu vita baridi.

Reli ile ilizaliwa kutokana na shida halisi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia, ambayo ilikuwa inapita kwao kwenda baharini, ikajikuta mateka. Nyerere na Kenneth Kaunda walitaka njia ya kwenda Dar es Salaam. Wataalamu wa nchi za Magharibi walipiga hesabu wakasema reli hiyo haitalipa. China, ambayo yenyewe ilikuwa maskini, ikasema sawa, tutajenga: mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ujenzi ulianza Oktoba 1970 na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Kati ya siku ujenzi ulipoanza na Desemba 1972, Wamarekani walitua mwezini mara nne, huku mataruma yakisogea kuelekea Mbeya. Marekani haikukaa kimya kabisa. Ilisaidia kugharamia barabara ya lami ya TANZAM kwenda upande huohuo. Pesa iliyokuwa na kazi ya kutafuta nyoyo ilikuwa imegundua kwamba nyoyo nyingine zinapatikana kwa lami.

Yaliyoipata TAZARA baadaye yanamjibu yule mcheza drafti vizuri kuliko kitabu chochote cha roketi. Zimbabwe ilijitawala 1980. Afrika Kusini ikawa huru 1994. Shaba ya Zambia ikapata tena njia za kusini, na malori yakachukua sehemu kubwa ya iliyobaki. Reli iliyojengwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka, katika mwaka wa fedha 2014/15 haikufikisha hata tani laki moja. Uzembe ulikuwepo, vichwa vya treni vilichakaa, mishahara ilichelewa. Lakini chini ya yote hayo, sababu iliyowafanya watu watoboe milima ya Udzungwa ilikuwa imeondoka. Na hakuna mtu Temeke anayesema TAZARA ilikuwa picha ya jangwani.

Marekani sababu zilianza kupukutika hata kabla Armstrong hajaondoka ardhini. Mwaka 1966 NASA ilikuwa inakula karibu senti nne na nusu katika kila dola ya bajeti ya serikali. Watu wapatao 400,000 walikuwa kwenye kazi hiyo, viwandani na vyuoni. Hakuna nchi inayoweza kuendelea hivyo ikiwa na vita Vietnam na miji yake inawaka moto kwa hasira za ubaguzi. Utengenezaji wa roketi za Saturn V ulisitishwa 1968, mwaka mmoja kabla ya kutua. Siku moja kabla Apollo 11 haijarushwa, Mchungaji Ralph Abernathy, mrithi wa Martin Luther King, alifika Florida na familia maskini na magari ya kukokotwa na nyumbu, kuuliza kwa nini nchi inayoweza kufika mwezini haiwezi kulisha watoto wake. Mkuu wa NASA wakati huo, Thomas Paine, alitoka nje kumsikiliza. Wengine wetu hudhani swali la "kwa nini wasijenge hospitali kwanza" ni la kwetu peke yetu.

Januari 1970 Apollo 20 ikafutwa. Aprili, tangi la oksijeni la Apollo 13 likalipuka njiani na watu watatu wakaponea chupuchupu. Septemba zikafutwa safari mbili zaidi. Rais Richard Nixon, ambaye hakuona sababu ya kufa kiume kwa ndoto ya Kennedy, alifikia hatua ya kufikiria kufuta hata Apollo 16 na 17. Aliyeziokoa ni ofisa wa bajeti, Caspar Weinberger, kwa waraka wa Agosti 1971. Hoja yake haikuwa sayansi. Aliandika kwamba kuzifuta kungewaaminisha watu, ndani na nje, kuwa siku njema za Marekani zimekwisha. Kampeni ilikwisha, lakini bango halikutakiwa kuonekana limechanika.

Mpinzani naye alikuwa amelala chali. Roketi kubwa ya Warusi, N1, ilirushwa mara nne kati ya Februari 1969 na Novemba 1972, na mara zote nne ilishindwa. Ukiniuliza kampeni iliisha lini, nitasema Julai 1969. Safari sita zilizofuata ziliruka kwa roketi ambazo zilikwishalipiwa.

Ile ya mwisho, Apollo 17, iliondoka Florida Desemba 7, 1972, saa 2:33 asubuhi kwa saa zetu. Saa tano baadaye, ikiwa umbali wa kama kilomita 29,000, mmoja wa wanaanga aligeuza kamera akaipiga dunia picha ikiwa imeangazwa yote na jua. Umeiona picha hiyo, hata kama hujui ilikotoka. Imo kwenye kalenda, kwenye majalada ya vitabu vya jiografia, kwenye kuta za shule. Si Marekani iliyomo. Ni Afrika, Bara Arabu kwa juu, Madagascar ikijitenga baharini, na barafu ya kusini chini. Dar es Salaam imo ndani yake, saa saba na nusu mchana ya siku ya Alhamisi. Bango bora kuliko yote ya kampeni ile lilitoka likiwa na sura yetu, wakati kampeni yenyewe imeshafungwa.

Baada ya hapo hapakuwa na cha kurudia. Kiwanda kikishafungwa na mafundi wakatawanyika, kilichobaki ni michoro, na michoro peke yake haichomelei chuma. Saturn V moja ilitumika 1973 kurusha kituo cha Skylab. Masalia mengine yamelazwa kwenye makumbusho ya Houston, Florida na Huntsville, watoto wa shule wakipiga nayo picha. Nixon alikuwa ameshaidhinisha usafiri wa bei nafuu zaidi, vyombo vya shuttle, vilivyopanda kilomita mia chache tu. Mwezi uko kilomita 384,000. Marais waliofuata waliahidi. George Bush mkubwa aliahidi Julai 1989, bei ikatajwa, Bunge likageukia pembeni. Mwanawe aliahidi Januari 2004, Barack Obama akaufuta mpango huo 2010 kwa kuwa ulikuwa nyuma ya ratiba na fedha zake hazikutosha. Apollo ilikula dola bilioni 25 za wakati ule, ambazo ni zaidi ya bilioni 250 za leo. Ahadi ya mwezi ni rahisi kuitoa, kwa kuwa anayetakiwa kuilipia ni rais atakayekuja miaka minane baadaye.

Na kule walikuta nini? Hili nalo kijiweni huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna siri. Almasi? Dhahabu? Walileta kilo 382 za mawe na vumbi. Kwa mwanajiolojia ni hazina isiyo na mfano. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo ni mawe. Hapakuwa na kitu cha kupakia kikauzwa kwa bei inayorudisha nauli. Wavuvi wa dagaa wa Kunduchi wana biashara na mwezi kila mwezi, bila roketi: mbalamwezi ikikolea, taa zao hazivuti samaki, mashua zinapumzishwa, dagaa wanapungua sokoni, giza likirudi, wanatoka. Bamvua na maji mafu yako kwenye mahesabu yao ya kila siku. NASA ya mwaka 1972 haikuwa na hesabu ya namna hiyo.

Kulikuwa pia na mitambo isiyokula wala kulala. Septemba 1970, mwezi uleule safari mbili zilipofutwa, chombo cha Kirusi kisicho na mtu, Luna 16, kilichota gramu 101 za udongo wa mwezi na kuzileta nyumbani. Miezi mitatu baadaye, Desemba 12, siku ya uhuru wa Kenya, roketi ndogo iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya NASA iliyopewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kujengwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na vipimo vyake vilisaidia kutambua shimo jeusi la kwanza. Pwani yetu ilitoa mchango mkubwa wa sayansi kwa gharama ambayo Apollo ingeimaliza kabla ya kifungua kinywa. Tatizo ni kwamba setilaiti haipandi jukwaani kupunga mkono. Nani anajua jina lake Malindi leo?

Sasa upepo unageuka. Kati ya 2008 na 2009 vyombo vya India na Marekani vilithibitisha kuwa kuna maji mwezini, na kwamba kwenye mashimo ya ncha ya kusini yasiyofikiwa na jua kuna barafu. Barafu ni maji ya kunywa, ni oksijeni, na ikichanganuliwa ni mafuta ya roketi. India ilitua karibu na eneo hilo Agosti 2023. China ilileta udongo kutoka upande wa mwezi usioonekana duniani Juni 2024, na imetangaza itawatua watu wake kabla ya 2030. NASA nayo, kupitia mpango wa Artemis, ilirusha roketi yake mpya Novemba 2022 bila watu ndani. Mkaguzi wao mkuu aliliambia Bunge kwamba kila safari katika nne za mwanzo ingegharimu dola bilioni 4.1. Kwa bei hiyo, rais yeyote mwenye akili timamu angesita. Kinachowafanya wasisite ni China, na wanasiasa wao hawalifichi hilo.

Pamoja na ushindani huo, wakusanya saini wamerudi. Desemba 2022, katika mkutano wa viongozi wa Afrika mjini Washington, Rwanda na Nigeria zilikuwa za kwanza barani kutia saini Makubaliano ya Artemis. Mwaka uliofuata Afrika Kusini na Misri zikajiunga na upande wa China, kwenye mpango wa kituo cha utafiti cha mwezini.

Chini ya anga mambo yanakwenda sambamba kwa namna inayonifanya nitabasamu. Septemba 2024, mjini Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan na Hakainde Hichilema wa Zambia walishuhudia, pamoja na Xi Jinping, makubaliano ya kuifufua TAZARA, kazi itakayogharimu takriban dola bilioni 1.4. Miezi mitatu baadaye Joe Biden alikuwa Angola kuipigia debe reli ya Lobito, inayokwenda Kongo na inayotarajiwa kufikishwa Zambia. Shaba ya ukanda ule sasa inavutwa pande mbili, upande wa Atlantiki na upande wa Temeke, na safari hii hakuna mjenzi anayesema amekuja kwa mapenzi tu. Wote wametaja mzigo, tani na bei.